Jaribu Programu ya Mashine ya Kukatia Stika Kabla Hujailipia: Mwongozo Kamili

Msimu wa harusi ukikaribia, maswali yanayonifikia hufanana. Jina la bibi harusi limeandikwa kwa mwandiko wa kuunganika, na mashine imelikata vipande kila mahali herufi ilipogusana na mwenzake. "A" imepoteza tundu lake. Nembo ya mteja iliyotakiwa kuwa na upana wa sentimita 20 imetoka na 15. Mwisho wa ujumbe mtu anauliza: ninunue programu gani?

Jibu langu karibu kila mara ni kwamba usinunue kwanza. Makosa yote matatu yamo ndani ya faili, na programu ya kulipia itayakata vilevile. Hapa tutajaribu programu za bure kwa kazi moja ndogo ya kweli, kuanzia skrini tupu hadi kipande mkononi, ili siku ukitoa pesa ujue unalipia kitufe gani.

Nimetumia Silhouette Studio, toleo la bure linaloitwa Basic Edition, pamoja na Inkscape. Ya kwanza ndiyo inayoongea na mashine za Silhouette kama Cameo. Ya pili ni programu huria ya kuchora, haina malipo, na ina nguvu kuliko wengi wanavyoidhania. Wenye Cricut, mashine za kampuni nyingine, wana sehemu yao huko mbele, lakini hatua za vipimo, jina na nembo zinawahusu pia.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta ya Windows au Mac. Simu itakufaa kwa kazi ndogo, lakini kujifunzia huku kwenye simu utajitesa bure.
- Bando la kutosha au intaneti ya ofisini. Programu hizi mbili kwa pamoja ni mamia ya megabaiti.
- Kipanya. Kusogeza nukta ndogo kwa kidole kwenye laptopu kunachosha mkono na macho.
- Printa ya kawaida na karatasi chache za A4.
- Rula ya chuma yenye milimita. Ile ya plastiki ya shule mara nyingi sifuri yake imeshalika.
- Nembo moja unayoitaka kweli: ya duka lako, ya shule, ya kikundi cha akina mama.
- Kipande cha stika na mkeka wa kubandikia, kama una mashine au kuna jirani atakayekuazima yake.

Ndiyo, mashine si lazima kwa hatua saba za mwanzo. Silhouette Studio inafunguka na kufanya kazi bila kuchomekewa chochote. Aliye bado kwenye kupigapiga hesabu ya kununua mashine ana nafasi nzuri kuliko aliyekwisha kununua: anajaribu programu kwanza.

## Hatua ya 1: Pakua kutoka kwa wenyewe

Chukua kila programu kwenye tovuti ya watengenezaji wake. Usikubali nakala ya kwenye flashi, hata kama anayekupa ni fundi unayemwamini. Nakala zilizovunjwa leseni huja na virusi, na hata zikiwa safi zinaweza kukwama siku mashine ikidai programu mpya zaidi.

Sakinisha Inkscape kwanza, kisha Silhouette Studio. Ukiulizwa kuhusu kulipia toleo la juu, funga dirisha hilo na uendelee.

Umefaulu ikiwa programu zote mbili zinafunguka na unaona ukurasa mweupe. Kwenye Silhouette Studio angalia juu kulia: kuna "DESIGN", "STORE", "LIBRARY" na "SEND". Kazi yako yote itakuwa "DESIGN" na "SEND". Dukani, yaani "STORE", usiingie leo. Utatoka na michoro ya maua usiyoihitaji.

## Hatua ya 2: Panga vipimo na ukurasa

Fungua mipangilio ya Silhouette Studio, tafuta sehemu ya vipimo, uchague sentimita au milimita. Ukibaki na inchi, mteja akisema "kumi na mbili" nawe ukaandika 12, stika ya kikombe itatoka kubwa kama sahani.

Kisha fungua kidirisha cha kupanga ukurasa upande wa kulia. Chagua mashine yako, chagua mkeka wa inchi 12 kwa 12, halafu ukubwa wa karatasi A4. Washa kinachoonyesha mpaka wa kukata. Utaona mstari kuzunguka ukurasa, na kilicho nje ya mstari huo mashine haitakifikia. Eneo la kijivu nje ya ukurasa ni mahali pazuri pa kuweka nakala za akiba, kwa sababu halikatwi.

Kwenye Inkscape nenda kwenye tabia za waraka, yaani "Document Properties", uweke milimita na A4. Halafu ingia mipangilio ya programu, upande wa zana, utafute kipengele cha mpaka wa umbo na uchague "Geometric bounding box". Ndicho wengi wasichokijua. Inkscape kwa kawaida hupima umbo pamoja na unene wa mstari wake wa ukingo. Mraba wa milimita 50 wenye mstari wa milimita 1 utasomeka 51, kwa sababu nusu ya mstari iko nje kila upande. Kisu hakina unene huo. Chenyewe hupita katikati ya mstari.

## Hatua ya 3: Chora mraba wa milimita 50, uupime kila mahali

Mraba huu ni kipimo chako cha ukweli, na ningekuwa na uwezo ningemlazimisha kila anayeanza auchore kabla ya jambo jingine.

Kwenye Inkscape chora mraba, andika 50 kwa 50 kwenye visanduku vya upana na urefu, uhifadhi kama SVG, aina ya faili la michoro ya mistari. Baadaye, kwenye hatua ya 6, tutauvusha kwenda Silhouette Studio na kutazama umefika na ukubwa gani. Ukifika tofauti na 50, tofauti yenyewe itakuambia ugonjwa:

- 37.5 au 66.7: programu mbili zinagombania nukta 72 na nukta 96 kwa inchi. Inkscape hutumia 96, baadhi ya programu nyingine za kuchora hutumia 72. Hapa ndipo nembo ya sentimita 20 ilipogeuka 15.
- 46.9 au 53.3: faili limepita kwenye Inkscape ya zamani. Kabla ya toleo la 0.92 la mwaka 2017, Inkscape ilihesabu nukta 90 kwa inchi.
- Karibu 2, au zaidi ya mita moja: milimita zimesomwa kama inchi au kinyume chake. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo kosa huwa kubwa kiasi hicho.
- Namba nyingine yoyote ya ajabu: programu imetanua au kubana mchoro ili ujae ukurasa.

Dawa ya muda ni kuuweka mraba huu pembeni ya kila mchoro unaouvusha. Ukifika na kosa, chagua vyote pamoja, ubadili upana wa mraba urudi 50 huku kufuli ya uwiano ikiwa imefungwa. Mchoro utafuata. Halafu futa mraba.

## Hatua ya 4: Jina la mwandiko wa kuunganika

Rudi Silhouette Studio. Chukua zana ya maandishi, andika jina, mfano Amina, na uchague fonti ya mwandiko wa mkono. Likuze hadi upana unaotaka.

Sasa angalia kwa karibu. Mkia wa "m" umeingia ndani ya "i", na mstari wa kila herufi unaonekana ukipita juu ya mwenzake. Mashine haijui kwamba hilo ni neno. Inaona maumbo matano yaliyolaliana, na italizunguka kila moja kwa kisu.

1. Fungua kidirisha cha nafasi kati ya herufi. Sogeza mpaka kila herufi iguse jirani yake vizuri. Kugusana kwa unywele hakutoshi, kwa sababu kiungo chembamba hukatika wakati wa kubandua.
2. Nakili jina lote, uweke nakala kwenye eneo la kijivu. Baada ya kuunganisha huwezi tena kubadili herufi, na mteja anayesema "kumbe ni Aminah" yupo kila wiki.
3. Chagua jina, bofya kulia, chagua "Weld".
4. Lijaze rangi nyeusi.

Umefaulu ikiwa mistari ya ndani imetoweka, limebaki umbo moja jeusi (ukiacha nukta ya "i"), na matundu ya "A" na "a" ni meupe. Kama tundu limejaa rangi, sehemu za herufi zimeachana: chagua zote, bofya kulia, tafuta "Make Compound Path". Amri hiyo huiambia programu kwamba umbo la ndani ni tundu la umbo la nje.

Nukta ya "i" imebaki peke yake. Kwa stika haina neno, itasafiri kwenye tepu ya kuhamishia pamoja na wenzake. Kwa topa ya keki, yaani jina la kuchomeka juu ya keki, ni balaa: nukta itadondoka mezani. Chora kijistari kifupi kati ya nukta na herufi, uunganishe tena kwa "Weld". Hali ni hiyo hiyo kwa ritifaa, yaani alama ile ya ng', kwenye majina kama Nyang'oro. Na kabla hujaipenda fonti yoyote ya mapambo, andika ritifaa hiyo uone kama ipo, kwani baadhi ya fonti za bure hutoa kisanduku kitupu mahali pake.

Neno moja kuhusu fonti hizo za bure: nyingi zimeruhusiwa kwa matumizi binafsi tu. Ukiuza kadi, soma leseni.

## Hatua ya 5: Nembo kutoka picha

Usipokee nembo kama picha ya kawaida ya WhatsApp. Picha hubanwa, kingo zake zinaota ukungu, na programu hufuatisha ukungu huo kwa uaminifu wote. Mwambie mteja aitume kama dokumenti. Afadhali zaidi, muulize aliyeichora. Mafundi wengi wa mabango kwetu huchora kwa CorelDRAW, na faili la asili litakuokolea saa nzima. Muombe akuhifadhie kama SVG au DXF, aina nyingine ya faili la mistari.

Ukikosa vyote, fuatisha picha:

1. Buruta PNG au JPG ndani ya Silhouette Studio.
2. Fungua kidirisha cha "Trace", chora kisanduku kuzunguka nembo.
3. Kama toleo lako lina "High Pass Filter", kizime ikiwa nembo ni ya rangi zilizojaa. Kichujio hicho hutafuta kingo tu, hivyo ukikiacha kimewaka mstari mmoja hugeuka miwili na katikati hubaki wazi.
4. Panda na kushuka kwa "Threshold" mpaka rangi ya manjano ifunike nembo yote bila kumwagika nje.
5. Bofya "Trace". Ile ya "Trace Outer Edge" hufuata ukingo wa nje peke yake na kuua matundu yote, kwa hiyo iache kwa kazi za kuchapa na kukata.
6. Buruta picha ya asili uiondoe juu ya mistari mipya.

Kuza skrini mpaka uone kona moja tu. Mstari mzuri ni laini, wenye nukta chache. Mstari mbaya una meno. Bofya mara mbili ili zionekane nukta zake, ubofye "Simplify" mara moja, uangalie tena. Ukirudia sana, kona kali zitaanza kulainika na herufi ndogo zitavimba.

Meno yakizidi, usiendelee kupambana hapa. Inkscape ina "Trace Bitmap" chini ya menyu ya "Path", na kwa picha ngumu mara nyingi hutoa kingo bora. Kumbuka tu kwamba matokeo yake hukaa juu kabisa ya picha ya asili, na mtu hudhani hakuna kilichotokea. Sogeza ya juu ndipo utaona.

Nembo yenye herufi za urefu wa milimita 3 usiikubali kwa stika. Programu itaichora, mashine itaikata, nawe utaimaliza jioni yako kuchokoa mabaki kwa sindano.

## Hatua ya 6: Vusha faili kutoka Inkscape

Toleo la bure la Silhouette Studio halifungui SVG. Kwa SVG unatakiwa ulipie Designer Edition. Ukuta huu ndio unaowafanya watu watoe kadi ya benki haraka, kumbe una mlango wa pembeni unaoitwa DXF.

Kwenye Inkscape:

1. Chagua maandishi yote, kisha "Path", halafu "Object to Path". DXF haibebi fonti, inabeba maumbo tu. Ukisahau, jina halitafika.
2. Maumbo yanayolaliana yaunganishe kwa "Union".
3. Bonyeza Ctrl na 5 ili uone mistari mitupu bila rangi. Unachokiona hapo ndicho kisu kitakachokiona. Mistari miwili mahali pamoja ina maana kisu kitapita mara mbili.
4. Hifadhi kwa jina jingine, uchague aina iliyoandikwa "Desktop Cutting Plotter (AutoCAD DXF R14)", na kipimo kiwe milimita.

Fungua DXF hiyo kwenye Silhouette Studio. Pima mraba wako. Ukitofautiana na 50, rudi hatua ya 3, na uangalie pia mipangilio ya kuingiza faili, mahali pa DXF, kuhakikisha mchoro hautanuliwi kujaza ukurasa.

Umefaulu ikiwa mraba ni 50 na ukijaza rangi, maumbo yanajaa. Umbo lisilojaa rangi liko wazi mahali fulani: mwisho wa mstari haujakutana na mwanzo wake. Stika ya namna hiyo haibanduki vizuri, inachanika palepale penye pengo.

### Maandishi ya Kiarabu kwenye kadi

Pwani na Visiwani kadi nyingi huanza kwa Bismillahi, na hapa ndipo Inkscape inapolipa fadhila. Herufi ya Kiarabu hubadilika umbo kulingana na mahali ilipo kwenye neno. Programu isiyojua hilo huzitoa herufi zimeachana, au zimepangwa kutoka kushoto. Inkscape huzipanga na kuziunganisha sawasawa.

Andika huko, geuza kuwa maumbo, tumia "Union", vusha kwa DXF. Nukta za herufi lazima zihesabiwe kabla na baada. Kisha mwonyeshe mtu anayesoma Kiarabu, hata kama wewe mwenyewe ulikwenda chuo cha Kurani. Macho yaliyochora hayaoni nukta iliyopotea.

## Hatua ya 7: Kagua bila mashine

Jaza maumbo yako rangi nyeusi na uyachape kwenye A4. Kwenye dirisha la printa hakikisha ukubwa ni asilimia 100, na uzime kila kinachosema kubana kwenye ukurasa. Pima mraba kwa rula ya chuma. Bandika jina ukutani, rudi nyuma hatua tano, ulisome. Likisomeka kwa shida sasa, likiwa kwenye dirisha la gari litasomeka kwa shida zaidi.

Halafu nenda "SEND". Mistari itakayokatwa huonekana minene. Pitia kila umbo. Usipouona mstari mahali ulipoutarajia, au ukiona kisanduku kimezunguka picha yako, faili bado halijawa tayari.

Kama ni ya kupiga pasi kwenye fulana, geuza mchoro kama kwenye kioo sasa hivi. Vainili ya fulana, yaani plastiki nyembamba inayobandikwa kwa pasi, hulazwa upande wake unaong'aa chini, na kisu hukata kutoka nyuma. Jina likisomeka vizuri kwenye skrini ya kutuma, kwenye fulana litasomeka kinyumenyume. Stika ya kawaida haigeuzwi, isipokuwa unaibandika ndani ya kioo ili isomwe kutoka nje.

## Hatua ya 8: Kata kipande kidogo

Chagua aina ya malighafi kwenye orodha ya programu uanze na vipimo vyake. Kwenye Cameo ya 4 nguvu ya kisu huenda hadi 33 na kasi hadi 30, lakini namba za mwenzako usizinakili kichwa kichwa. Stika za Kariakoo na za River Road hutofautiana unene hata zikiwa rangi moja, na kisu chake si chako.

1. Bandika stika kwenye kona ya juu kushoto ya mkeka, uilaze kwa kiganja isiwe na hewa.
2. Bofya kitufe cha majaribio. Mashine itakata mraba mdogo wenye pembetatu ndani.
3. Bandua pembetatu kwa ncha ya sindano.

Umefaulu ikiwa pembetatu inatoka peke yake, mraba unabaki, na karatasi ya mgongoni ina alama hafifu tu. Karatasi ikikatika, punguza kina cha kisu kabla hujagusa nguvu. Stika ikibaki imeshikana, ongeza nguvu kidogo kidogo. Kona zikichanika, punguza kasi, na kama haisaidii angalia ncha ya kisu: mara nyingi kuna uchafu wa gundi.

Tahadhari: usijaribu malighafi nene kwa kuongeza kila kitu kwa mpigo. Kisu kirefu chenye nguvu nyingi hukata mkeka, na mkeka uliokatwa huacha mistari kwenye kila kazi itakayofuata.

Pembetatu ikitoka vizuri, tuma kazi yote. Pima mraba wa milimita 50 uliokatwa. Hapo sasa umeipima programu na mashine kwa pamoja.

## Kama mashine yako ni Cricut

Programu yako ni Design Space. Ni ya bure, inataka akaunti, na inapokea SVG bila kulipia, kwa hiyo ukuta wa hatua ya 6 haupo. Mraba wa milimita 50 bado unauhitaji.

Kosa linalowaliza wengi huko ni jingine: umepanga jina chini ya maua vizuri kabisa, ukibofya kutengeneza kila kitu kinatawanyika kwenye mkeka. Design Space hupanga upya maumbo ili kubana malighafi. Chagua vyote ubofye "Attach" na vitabaki mahali pake. "Weld" huunganisha maumbo yawe kitu kimoja, "Attach" huyashikilia tu. Jina la kuunganika lililopangwa na maua linahitaji yote mawili.

Angalia pia michoro na fonti zinazodai usajili wa Cricut Access. Ukizitumia kwenye majaribio, utashtukia malipo mwishoni, wakati wa kukata. Na usajili wa majaribio unaoomba kadi ya benki hujiendeleza wenyewe usipoukatisha.

## Ulipie au usilipie?

Baada ya hatua hizi utakuwa na orodha yako ya vitu vilivyokukwamisha. Ilinganishe na hali hizi.

Kazi zako zikiwa majina, namba za magari, lebo za mitungi ya viungo na nembo za kufuatisha, baki na toleo la bure. Sioni sababu ya kulipia, na wanaouza stika mtaani kwa miaka wanafanya kazi na kidogo kuliko hicho.

Ukinunua michoro ya SVG mtandaoni kila wiki, lipia Designer Edition. Kupitisha kila faili kwenye Inkscape ni bure lakini hula muda, na michoro yenye maumbo mengi huja na mapengo unayopaswa kuyaziba kwa mkono.

Wateja wako wakikutumia faili za AI (za Illustrator), EPS au CDR (za CorelDRAW), toleo la biashara ndilo linalozifungua. Kabla ya kulitolea pesa, jaribu kufungua CDR hizo kwa Inkscape. Mara nyingine hufunguka safi, mara nyingine rangi na maandishi huparaganyika, lakini mistari ya nje mara nyingi husalimika, na kisu hakihitaji zaidi ya hiyo.

Kuna njia ya nne kwa wapenzi wa mambo ya kiufundi: kiongezi cha Inkscape kiitwacho inkscape-silhouette, kinachotuma kazi moja kwa moja kwenye mashine. Kwenye Linux ni rahisi kiasi. Kwenye Windows unalazimika kubadili dereva ya USB, na ukishaibadili Silhouette Studio haiioni tena mashine mpaka uirudishe. Usijaribu wiki yenye oda.

Vyovyote utakavyoamua, hifadhi faili za asili ulizochora Inkscape kama SVG kwenye folda moja yenye jina la mteja. Faili za Silhouette Studio kwa kawaida hazifunguki kwenye programu nyingine, na zilizohifadhiwa kwa toleo jipya zinaweza kukataa kufunguka kwenye la zamani. Zima pia masasisho ya kujiendesha, na usasishe siku isiyo na kazi, ukianza tena na ule mraba.